Mlio Nyuma ya Pikipiki ya Kagwe

Siku ya soko Bungoma, mwaka wa hamsini na tisa, kulikuwa na kelele za kila namna, lakini Wilkista aliusikia mlio wa ile pikipiki kabla hajaiona. Tak. Kimya. Tak. Alikuwa ameinamia baiskeli iliyopinduliwa, gauni lake la maua limefunikwa na aproni ya baba yake, mzee Wepukhulu. Kibanda cha ufundi kilikuwa cha mzee; kazi, tangu macho yake yafifie, ilikuwa ya binti.

Mwenye pikipiki akasimama. Kijana mrefu, koti la kaki, viatu vimeng'arishwa hata vumbi likaona haya.

"Fundi yuko wapi?"

"Unaongea naye."

Kijana akacheka. Wilkista hakucheka, na kicheko kikamwishia mwenyewe njiani.

"Ni meno ya sproketi, hili gurudumu dogo linalovuta mnyororo," kijana alisema. "Ati yameisha. Nimeambiwa hivyo huko Kitale."

Wilkista akaiinua pikipiki kwenye stendi, akalitia gurudumu la nyuma alama ya chokaa na kulizungusha polepole. Alama ilipita mara mbili na zaidi, tak ikaja mara moja.

"Jino lingevunjika, lingelia kila gurudumu likizunguka. Huu mlio unafuata mnyororo. Kuna pingili imekauka." Vidole vyake vikaitafuta, vikaipata, akaitia mafuta na kuikunjakunja hadi ikalainika.

Kijana huyo, Kagwe, alikuwa akipeleka vipuri vya majembe ya kukokotwa na ng'ombe kwa niaba ya duka moja la Kitale. Siku ya soko iliyofuata alirudi bila shida yoyote.

"Pikipiki imenyamaza," alisema. "Mimi ndio siwezi kunyamaza."

"Basi ngoja nikutie mafuta na wewe."

Tangu hapo, kila Jumatano saa kumi, Kagwe alipiga simu kutoka Kitale, ikalia katika duka la Mhindi karibu na kibanda, na Wilkista akawa huko amesimama tayari, mikono imeoshwa. Alimpenda Kagwe, na hakumficha mtu.

Kisha dereva wa lori la mahindi, Kiptanui, akaleta maneno. "Huko gereji Kitale wanasema mzee Wepukhulu ameharibu mnyororo ya Kagwe. Inalia kama nguruwe."

Jumatano simu ilipolia, Wilkista hakusalimu.

"Uliwaambia nani alitengeneza?"

Kagwe akajitetea. "Nilisema ni baba yako. Mpenzi, si unajua hawa watu? Wangenicheka mpaka Krismasi."

"Kwa hivyo nikitengeneza vizuri, ni baba. Ikilia tena, ni baba. Mimi niko wapi?"

"Wewe uko hapa moyoni mwangu."

"Huko hakuna mtu ananiona." Akakata simu, akaenda nyuma ya duka akalia kwa hasira, kisha akajipangusa.

"Mwache," baba yake alimwambia. "Jina ni langu na halijalalamika."

"Kazi ni yangu, baba, na mimi ninalalamika."

Asubuhi iliyofuata alivaa gauni la kanisani na viatu vyeupe, akatia spana mkobani, akapanda lori la Kiptanui hadi Kitale.

Gerejini alijitaja kuwa binti wa mzee Wepukhulu, na fundi mkuu Kinyua akampokea kwa mikono kiunoni. "Nimeweka mnyororo mpya, sproketi mpya mbele na nyuma. Bado inalia. Mzee wenu aligusa nini?"

"Inalia lini?"

Kagwe, ambaye alikuwa kando ya pikipiki yake akitafuta pa kuficha uso, akajibu. "Nikibeba mzigo. Nikiwa peke yangu, hailii."

"Na mnyororo unakazwa aje?"

"Ikiwa kwa stendi," Kinyua alisema. "Kama kila mtu."

"Kagwe, itoe stendi. Panda."

Kagwe akapanda. Wilkista akakusanya gauni lake, akakaa nyuma yake, mguu huku na mguu huku, kama wanaume. Nyundo zote zikanyamaza. Mtu mmoja akapiga mluzi. Wilkista akamtazama hadi akaacha.

"Mzee Kinyua, gusa mnyororo sasa."

Kinyua akainama. Mnyororo ulikuwa umekaza kama kamba ya kuanikia nguo.

"Unaukaza gurudumu likining'inia. Watu wakikaa, springi zinabonyea na mnyororo unavutika. Huo ndio mlio wako. Ungenunua sproketi mpaka mwaka ujao."

Kinyua akainuka, akajipangusa mikono. "Kwani huko Bungoma aliyeitengeneza ni nani?"

"Kagwe, umesikia swali."

Kagwe akageuka kitini, akasema kwa sauti ya kufika hadi barabarani. "Huyu ndiye fundi wangu. Ni yeye alitengeneza mara ya kwanza. Niliogopa kuchekwa, nikampa mzee kazi ya binti yake. Nilikosa."

Mtu akacheka.

"Cheka tu. Mwezi ujao ninapeleka wazee kwao kumposa, kama atakubali."

Moyo wa Wilkista ulimruka, lakini hakuuachia usukani. "Wazee wako watasema nini kwanza?"

"Kwamba wamekuja kwa sababu ya fundi."

"Mbele ya wajomba?"

"Mbele ya soko lote, ukitaka."

"Nataka. Siku ya soko, saa nne. Na siachi spana baada ya harusi, usije ukasema hukuambiwa."

"Nani amekuomba uache?"

Wilkista akafungua mkoba, akampa Kinyua spana yake. Hakushuka.

"Legeza kiasi cha vidole viwili," alisema. "Tukiwa tumekaa hivi hivi."