Lami na Pamba Katika Picha Moja

Kila siku akitoka shule, Chiriku hupitia studio ya mama yake mdogo. Hufagia na kupangusa fremu huku mdomo haupumziki. Ndiyo maana akaitwa Chiriku. Siku hiyo alimkuta mama mdogo amezongwa na wateja wa picha za pasipoti.

Mara akaingia mzee mmoja, mfunza mbwa, na mbwa wake wawili: Lami, mweusi tii, na Pamba, mweupe pee.

"Kesho Lami anaondoka," mzee alisema. "Anakwenda mbali, kumwongoza mtu asiyeona. Hawa wamekua pamoja tangu wadogo. Nataka picha yao nibaki nayo."

"Chiriku atawapiga picha," mama mdogo akajibu.

Chiriku akavimba kichwa. Aliwapeleka mbwa uani, kwenye jua kali, akaielekeza kamera kwa Lami ili ipime mwanga, akapiga. Lo! Lami alitoka kijivu kama aliyelala jivuni, na Pamba akayeyuka, yakabaki macho na pua. Akapima kwa Pamba. Sasa Pamba akafanana na tambara la deki, na Lami akawa doa tupu.

Mzee akachungulia. "Mbona Lami wangu simwoni?"

"Wametikisika, Mzee," Chiriku akasema haraka.

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni. Akaitazama ile picha. "Wametikisika? Mbona sharubu za Pamba zinahesabika?"

Chiriku akainamisha uso kwa aibu. "Nimesema uongo, mama. Mbwa wametulia. Nadhani kamera ni mbovu."

"Mchagua jembe si mkulima. Kamera haijui huyu mweusi, huyu mweupe. Chochote unachoipimisha, inataka kukifanya kijivu. Haya, tumia akili."

Mama mdogo akarudi kwa wateja wake. Chiriku alizunguka ua mzima akiwaza. Kwanza akawahamisha mbwa kivulini, jua lisimchome Pamba. Hapo akaona ukuta wa saruji ambao haujapakwa rangi. Kijivu! Kama kamera inapenda kijivu, si ipewe kijivu chake? Akapima mwanga kwenye ukuta, akakifunga kipimo hicho kwenye kamera kisibadilike, ndipo akawageukia mbwa. Pamba akafumba macho. Akarudia. Lami akapiga mwayo. Akarudia tena, magoti yamejaa vumbi.

Picha ilipochapishwa, mzee aliishika kwa mikono miwili. Manyoya ya Lami yalikuwa meusi na yanang'aa, wimbi kwa wimbi. Pamba alikuwa mweupe, na mikunjo ya masikio yake yote inaonekana.

"Huyu ndiye Lami wangu," mzee akasema. "Hata kovu la shavuni limetoka. Nichapishie nyingine aende nayo. Bwana wake haoni, lakini watu wa nyumbani watamsimulia."

Mzee alipoondoka, mama mdogo alimshika Chiriku bega. "Umejua kupima mwanga, nami najivunia. Lakini najivunia zaidi ulivyokiri. Ungeng'ang'ania kuwa mbwa wametikisika, mpaka sasa ungekuwa unawafokea mbwa. Anayekubali kosa lake ndiye anayeweza kulirekebisha."

Kisha akachapisha nakala ya tatu, akaitundika dirishani, mahali anapoweka kazi zake bora. Chiriku akatoka nje kuitazama kutoka barabarani. Akaingia. Akatoka tena.