Upepo Wowote

Tak.

Saa sita mchana, jua limesimama utosini, mimi naanua nepi, vani letu liko uani limezimwa na ufunguo wake unaning'inia msumarini jikoni, nauona kabisa dirishani, halafu nasikia tak, ile sauti ya kompresa kiyoyozi kinapoanza kushika. Nikamwita mume wangu.

"Sauti hiyo nimeitafuta wiki tatu gari likiwaka," akasema. "Wewe unaisikia limezimwa?" Akacheka kicheko cha mtu aliyechoka.

Na haki ya kuchoka alikuwa nayo. Vani lile tunabebea watoto wa chekechea. Yeye anaendesha, mimi nawaangalia, Bonge wangu wa miezi saba yuko mapajani. Ni la zamani, vioo vya nyuma havifunguki, bila kiyoyozi ni oveni. Wazazi walishatuambia, wiki hii ikiisha hivi, watatafuta gari jingine. Fundi wa kwanza akasema ni gesi, akajaza, siku mbili joto likarudi. Wa pili akasema fyuzi. Wa tatu akafumua dashibodi yote, akairudishia, zikabaki skrubu sita, akasema hizo hazina kazi!

Wa nne alikuwa bwana mmoja mnene, mpole. Alilala chini ya gari, akatoka, akajifuta mikono. "Kaka, gari lako lina upepo."

Mama mkwe alikuwa mlangoni anachambua maharage. Mikono ikasimama. "Lina nini?"

"Upepo, mama. Umeingia kwenye mabomba. Nitaunyonya kwa mashine, ndipo nijaze gesi."

"Upepo haunyonywi, baba. Upepo unapungwa."

"Mama, ni hewa!" mume wangu akasema. "Si hao pepo wako."

"Wangu? Gari la nani?"

Fundi akaenda mbele, akaanza kuufungua mkanda wa kompresa. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, mlango wazi, namnyonyesha Bonge. Alishashiba, kwikwi imemshika, kila akiruka nacheka. Mume wangu akaingia, akawasha gari, akabonyeza kila kitufe, na hewa ya moto ikatupuliza usoni kama kawaida. Akaipiga dashibodi ngumi.

"Leta upepo basi! Wowote! Sijali unatoka wapi!"

Tak.

Baridi ikaja. Baridi kweli, jasho likanikauka shingoni.

"Fundi, umepatia!"

Fundi akainuka taratibu mbele ya kioo. "Sijapatia kitu," akasema. Mkanda unaozungusha kompresa ulikuwa mkononi mwake.

Mume wangu akazima, akachomoa ufunguo, na baridi ikaendelea, na harufu ikaanza kutoka kwenye matundu, kwanza ya udongo uliolowa, halafu ya maziwa, siyo ya dukani, yangu mimi, ile harufu ya mdomo wa Bonge akishanyonya ambayo ningeijua hata nimefumba macho, na ndipo nikaona upepo ule hautoki mfululizo, unakuja kidogokidogo, unakatika, unaruka, unakuja tena, upepo una kwikwi, nikamtazama mwanangu, yeye kwikwi hana, ametulia, midomo ya buluu, nikaweka kidole puani kwake na hakuna kitu, hakuna kitu kabisa.

"Pumzi yake," nikasema. "Baba Bonge, ni pumzi yake hiyo."

Fundi akaburuta mashine yake, akachomeka mpira, akawasha ili auvute. Mshale wa geji ukashuka, na kifua cha Bonge kikabonyea ndani kama mfuko wa plastiki.

"Zima! Unamvuta mwanangu, zima!"

Akazima. Mama mkwe alishafika, maharage yamemwagika njia nzima. Hakunitazama mimi, alimtazama mwanawe. "Aliyeuomba ni wewe. Ukatae."

Mume wangu akapiga magoti pale kwenye grisi. "Nimeukataa," akanong'ona. "Siutaki. Tutakaa na joto letu."

Matundu yakafoka, joto likatupiga usoni kama mlango wa tanuri umefunguliwa, na Bonge akalia. Sijawahi kupenda kelele vile.

Mama mkwe akatuwekesha mikono kichwani mwa mtoto, hata fundi. "Hamtautamka kwa mtu. Kuutaja ni kuuita." Tukaapa.

Vani tukaliuza. Wazazi wakatafuta gari jingine, basi. Mnunuzi aliuliza kama kiyoyozi kinafanya kazi, mume wangu akasema hakifanyi. Ukweli mtupu.

Jana tumekutana naye kwenye foleni. Vioo vyote juu, mkewe nyuma na kichanga. Akashusha chake kidogo. "Mlinidanganya! Baridi tele, na hata gesi sijajaza!"

Nikafungua mdomo. Mume wangu akanibana mkono. "Tuliapa," akasema, "na Bonge je?" Foleni ikasogea, wakaenda.

Sijalala. Ndiyo maana nimekuandikia wewe, kwa kalamu, sijatamka hata neno. Kuandika si kutamka, sivyo?

Bonge yuko chumba cha pili. Ameanza kwikwi, na sijamnyonyesha.

Naishia hapa. Simwambii mtu mwingine. Naahidi, simwambii mtu mwingine.