Mlango Unaozunguka Sokoni

Wapo waliokutana kanisani, na wapo waliokutana arusini. Navalayo na Osiako walikutana wakivutana gunia, kila mmoja ameshika pembe yake, katikati ya soko la Kakamega siku ya Jumatano, watu wamejaa hata pa kuweka mguu hapaonekani.

Gunia lenyewe lilikuwa la Beldina, mama anayeuza mitumba ya watoto. Ndani mlikuwa na vitofali vya plastiki, vile vya kubandikana kimoja juu ya kingine, vyekundu, vyeupe, vya manjano, vimetoka ng'ambo huko na vumbi la watoto wasiojulikana.

"Mama, achilia," Osiako alisema. "Mimi nimeliona kwanza."

"Mama yako yuko nyumbani. Wewe umeliona, mimi nimelishika."

"Unataka kulifanyia nini?"

"Nina duka la kushona. Wateja wanakuja na watoto, watoto wananivurugia nyuzi, nataka wapate cha kushika. Na wewe, mwanamume mzima na ndevu zako, unataka kuchezea wapi?"

"Mimi sichezi. Ninajenga."

Beldina alicheka mpaka kilemba kikamtoka. "Fundi, kwani simiti imeisha mjini?"

Fundi alikuwa fundi kweli, mwashi aliyesomea chuo cha ufundi cha Sigalagala. Ovaroli yake ilikuwa ya kijivu, au labda ilikuwa ya buluu na simiti ikaifanya kijivu, na hata nyusi zilikuwa na unga wa mawe. Navalayo alivaa gauni la kitenge cha manjano alilolishona mwenyewe, mabega yamefura, na utepe wa kupimia umening'inia shingoni kama mkufu wa bibi harusi. Walitazamana vile paka wawili wanavyotazamana juu ya ukuta.

Gunia likachoka na ugomvi wao, likapasuka. Vitofali vikamwagika mpaka chini ya meza ya nyanya. Wote wawili wakapiga magoti na kuokota, wakisukumana viwiko, na kwa kuwa mikono ya mwashi imezoea kukusanya, Osiako aliinuka na karibu gunia zima. Navalayo aliinuka na kitu kimoja tu. Mlango. Mlango wa buluu, mkubwa kama kidole gumba, unaofunguka na kufungika.

"Huo nipatie," Osiako alisema, sauti imebadilika. "Uko mmoja tu humu. Bila mlango mimi nitajenga nini?"

"Jenga ukuta."

Mlango wa duka lake Navalayo ulikuwa wa buluu vilevile, aliupaka rangi kwa mkono wake. Akakitia kile kidude kifuani na kuondoka bila kugeuka.

Siku ya tatu Osiako alifika dukani na suruali iliyochanika gotini. Alileta pia kopo la vitofali. "Vya wale wanaokuvurugia nyuzi," alisema, akaliweka chini kama mtu anayelipa faini. Navalayo alisema asante kama mtu anayetukana. Suruali ilirudi imeshonwa vizuri. Juma lililofuata ikaja nyingine, na Navalayo hakuuliza ni msumari gani huo unaochagua magoti ya fundi mmoja kila juma.

Mapenzi yao yalianza hivyo, kwa kununiana. Jumapili moja baada ya ibada, Osiako alimpeleka kwake Amalemba kumwonyesha alichokuwa akijenga kwa ajili ya maonyesho ya kanisa. Meza nzima ilikuwa mtaa wa Kakamega mjini. Kila duka lilisimama kwenye kibao chake na kushikana na jirani kwa pini mbili, na ukitaka kuona ndani unabandua orofa ya juu kama kifuniko cha sufuria. Navalayo alibandua. Buchani nyama zilining'inia, kila moja kama punje ya maharagwe. Kwenye kinu cha unga palikuwa na foleni ya kina mama. Hotelini vikombe vilipangwa mezani na benchi moja lilikuwa limevunjika mguu, kwa sababu hata lile la kweli limevunjika mguu. Kati ya bucha na kinu palikuwa wazi, nafasi ya duka moja.

"Na hapa?"

"Hapo pananingoja nimalize."

"Umalize nini?"

"Wewe ni fundi wa nguo au ni polisi?"

Kwa miezi saba simu zilikuwa hizo hizo, za saa saba mchana, mmoja ameketi juu ya mawe na mwingine nyuma ya cherehani.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula obusuma, ugali moto kabisa, na mboga. Na wewe?"

"Nimekula vumbi."

"Pole, baba. Mimi jioni nitajipikia ingokho."

"Kuku bila mimi? Mwanamke, una roho ya simiti."

"Na wewe unaipendanga hivyo hivyo."

Mara tatu Osiako aliomba ule mlango mdogo. Navalayo alikuwa ameutia kwenye pete ya funguo zake, ukitembea naye kila mahali, ukigongana na ufunguo wa duka. Mara ya tatu alimjibu taratibu, macho yakiwa kwenye sindano: "Siku nitakayokupa mlango huu, ujue nimekubali na yale mengine yote unayoogopa kuniuliza."

Osiako hakuomba tena. Lakini Jumatano moja alipiga simu akicheka.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nyumba yangu iko Amalemba, mlango wake unazunguka sokoni."

"Konokono."

"Konokono ana mlango?"

"Basi ni kichwa chako."

"Umeshindwa. Nipe mji."

Ndiyo sheria ya vitendawili: aliyeshindwa hutoa mji, mwenzake akautembelea na kula raha zake huko, ndipo jibu litoke. Navalayo hakuwahi kumpa mtu mji tangu alipokuwa mtoto.

"Sitoi."

"Nipe hata Malava."

"Hata Malava huipati. Nitajibu mwenyewe, ngoja."

Ijumaa asubuhi Navalayo alifika dukani akaona ukuta. Mwenye ploti, ambaye kwa muda mrefu alitaka wapangaji wote waondoke ajenge ghorofa, alikuwa ameleta watu alfajiri bila kusema neno, wakaziba milango mitatu kwa mawe na simiti. Mlango wa buluu ulikuwa umeng'olewa na kutupwa kando. Cherehani zake mbili zilikuwa ndani. Sare za watoto wa shule zilikuwa ndani. Alibaki na utepe shingoni na funguo zisizo na kazi.

Jescah, anayeuza ndala upande wa pili, alimsogelea. "Dada, mimi sitaki maneno. Lakini jana ulipoenda kununua lastiki, fundi wako alikuwa hapa. Alipima mlango wako. Urefu, upana, mpaka unene wa fremu. Akaandika kwa karatasi, akaondoka mbio."

Navalayo alipiga simu mara tano, haipatikani. Mara ya sita Osiako alishika. Alikuwa Kabras kwenye mjengo, nyundo zinasikika nyuma yake.

"Jana ulikuwa dukani kwangu?"

"Nani amekuambia?"

"Ulikuwa ama hukuwa?"

"Nilikuwa. Lakini ngoja, Navalayo..."

"Ulipima mlango?"

"Nilipima."

"Kwa kazi gani?"

"Leo siwezi kusema. Kesho si utakuja kwa yale maonyesho ya kanisa? Utaona."

"Nimeshaona! Wameziba duka langu kwa mawe, na wewe ndiye uliyewapimia!"

"Wameziba? Nani ameziba?"

"Usinifanye mjinga."

Nyundo zilikuwa zimenyamaza. "Mimi?" Osiako alisema. "Unafikiri mimi naweza? Basi miezi saba yote ulikuwa unaongea na nani?"

"Na mwashi wa kukodiwa."

Simu ikakatwa. Navalayo hakulia. Alikwenda kwa chifu, akakaa kwenye benchi mpaka mvua ya saa tisa ikaja na kupita, akatoka na barua yenye muhuri: Jumatatu ukuta ubomolewe, atoe vitu vyake. Kisha akakaa akiutazama ule mlango mdogo kwenye funguo, na akajua la kuufanyia. Angemrushia Osiako usoni mbele ya watu, na yale mengine yote ambayo mwanamume huyo aliogopa kuuliza yaishe hapohapo.

Jumamosi alivaa gauni jeusi na kilemba chekundu, akaingia kwenye ukumbi wa kanisa Amalemba kama mtu aliyekuja kukamata mwizi. Watu walikuwa wameizunguka meza ya Osiako, wanaonyeshana hoteli na lile benchi lililovunjika. Mwenyewe alisimama nyuma, amevaa shati jeupe, macho mekundu ya mtu ambaye hakulala.

Ile nafasi kati ya bucha na kinu ilikuwa imejaa. Lilikuwa duka lake Navalayo. Kuta za manjano, mstari wa buluu, kibao cha jina lake kimeandikwa kwa kalamu nyembamba. Na mahali pa mlango palikuwa na ukuta. Vitofali vya kijivu, safu juu ya safu, kijivu kile kile cha mawe ya mwenye ploti.

"Umefurahi?" alisema, na ukumbi mzima ukageuka. "Kuziba lile kubwa hakukukutosha, umeziba na hili dogo uje kuchekesha watu?"

"Navalayo, usiguse."

"Nisiguse? Langu lilipoguswa ulisema nini?"

"Watu wanasikia."

"Wasikie! Na hilo shati vua. Nililishona kwa cherehani iliyo nyuma ya mawe yako."

"Asivulie hapa, mama," bibi mmoja akasema kutoka kwenye viti. "Kuna watoto."

Navalayo hakusikia. Alichoma kidole kwenye ule ukuta wa kijivu auvunje. Alivijua vitofali hivyo, kwa miezi saba vilimkata kucha kila alipojaribu kuvitenganisha, na alikuwa tayari kuvunja kucha zote kumi. Lakini vilianguka vyenyewe. Havikushikana. Vilimwagikia ndani kama punje za mahindi, na nyuma yake pakabaki uwazi ulionyooka vizuri, na kando ya uwazi vishikio viwili vidogo vya bawaba, havina kitu.

Aliinama akachungulia. Cherehani mbili nyeusi. Uzi wa buluu. Kwenye pembe, kopo dogo la kuchezea watoto.

"Havikubandikwa," alisema.

"Ningevibandika vipi?" Osiako naye alikuwa bado amewaka. "Asubuhi watoto wameingiza vidole, cherehani moja nimeitoa kwenye mfuko wa kaptula. Nikapanga vitofali bure bure, vizuie mikono mpaka mlango ufike. Mlango wenyewe uko kwa nani?"

"Na kupima?"

Osiako alitoa karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa shati, akaitupa mezani. "Mlango wa plastiki siwezi kuukata wala kuuongeza. Uko vile ulivyo. Ilibidi duka zima liufuate mlango, kila ukuta, kila dirisha. Bila kupima ule wa kweli ningejuaje? Soma. Au pima tena, utepe si unao?"

Navalayo alisoma. Urefu, upana, unene wa fremu. Jescah hakudanganya hata neno moja.

"Kwa nini hukusema?"

"Uliniachia nafasi? Uliniita mwashi wa kukodiwa."

"Ukanikatia simu."

"Nilikata kwa sababu ningekutukana."

"Ungenitukana basi! Ningejua uko upande gani."

"Upande gani?" Osiako alipiga meza, nyama za bucha zikatikisika. "Mwanamke, nimekaa miezi saba najenga mtaa mzima kwa ajili ya duka moja!"

Juu ya mabati mvua ilianza, matone makubwa, moja, jingine, kisha yote. Navalayo alitoa funguo. Osiako aliziona akarudi nyuma hatua moja, akidhani zinakuja usoni, na kusema kweli ndiyo ilikuwa safari ya funguo hizo.

"Kile kitendawili chako cha Jumatano," Navalayo alisema.

"Hukukijibu."

"Nyamaza, ni mimi ninaongea."

Aliutoa ule mlango kwenye pete, kwa shida. Akaupachika kwenye vishikio, akabonyeza. Ta! Akaufungua. Akaufunga. Ulikaa sawa, hata unywele usingepita.

"Jibu ni hili."

Osiako aliketi bila kuangalia kama kiti kipo. Kwa bahati kilikuwepo. "Lakini ulisema siku nitakayoupata huo mlango..."

"Nakumbuka nilichosema. Usinikumbushe mbele ya watu. Nimejibu, sikushindwa, kwa hiyo mji unatoa wewe."

"Hiyo si sheria."

"Leo ni sheria. Nipe mji."

Osiako aliitazama meza yake, bucha, hoteli, kinu na foleni yake, na duka la manjano katikati, limeshikana na majirani kwa pini mbili kila upande.

"Chukua Kakamega," alisema. "Yote. Na aliyeijenga."

Yule bibi kwenye viti alianza kupiga vigelegele, Navalayo akamgeukia na jicho lililovikata katikati.

"Kakamega nimeipokea," alimwambia Osiako. "Lakini mkono usinishike, bado nimekukasirikia. Jumatatu saa mbili uje na nyundo na patasi. Barua ya chifu ninayo, nataka fundi wa kubomoa."

"Nitakuja. Na kwenu nije lini?"

Navalayo alikuwa ameanza kukusanya vile vitofali vya kijivu, kimoja kimoja, akivitia mfukoni mwa gauni ili visipangwe tena.

"Kwanza ubomoe," alisema. "Na hilo shati usivae, utalichafua."