Mabiringani ya Mama Dama

Kila asubuhi, kabla ya kwenda karakana, Kahindi hupanda ngazi na ndoo mbili za maji. Kahindi ni seremala wa Mji wa Kale. Yeye na mamake, Mama Dama, wamepanga ghorofa ya juu ya nyumba ya mawe. Juu ya chumba chao pana sakafu iliyo wazi, na jua linapiga kutwa. Hapo ndipo walipopanda mabiringani, ndani ya ndoo sita.

Mama Dama alilima kijijini Rabai miaka arubaini. Miguu ilipoanza kumsumbua, Kahindi alimleta mjini akae naye. Mjini hapakuwa na shamba. Mama akawa ni wa kukaa kitandani na kutazama ukuta. Basi Kahindi akatafuta ndoo za mafuta ya kupikia, za lita ishirini, akazijaza udongo na samadi iliyooza. Mama akapanda mche mmoja katika kila ndoo. Tangu siku hiyo alianza kuimba tena, na sauti anayo, asikudanganye mtu.

Lakini mwezi wa pili majani yalianza kukauka pembeni. Maua yalidondoka. Juu ya udongo palitanda kitu cheupe kama unga.

"Kahindi, mkono wangu umekufa," alisema Mama Dama. "Miaka yote ile biringani halikunishinda. Mwisho wa mwezi nirudishe Rabai."

"Rabai utakaa na nani, mama? Maji atakutekea nani?"

"Nitakaa peke yangu. Hapa nala na kulala tu."

Kahindi aliingiwa na hofu. Alijua miguu ile haiwezi kubeba hata kata ya maji.

Kesho yake Naomi alifika karakana. Naomi anaishi mtaa wa Buxton na huotesha miche ya mboga. Kila wiki huja kuchukua maranda, yale mabaki membamba yanayotoka mbao zikipigwa randa. Huyatandaza juu ya udongo wa miche yake. Kahindi alimweleza shida yake, naye Naomi akasema, "Twende nikaione."

Walipanda juu. Mama Dama alikuwa ameketi karibu na ndoo zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu uone aibu yangu."

Naomi aligusa kile kitu cheupe, akakionja kwa ncha ya ulimi. "Hii ni chumvi. Maji mwayatoa wapi?"

"Kisima cha hapa nyumbani," alijibu Kahindi. "Ni ya chumvi kidogo. Sisi twaogea na kufulia."

Naomi aliinamisha ndoo moja, akapapasa chini yake. "Na matundu ya kutolea maji?"

Kahindi alijikuna kichwa. "Niliyaziba. Maji yalikuwa yakimdondokea Bi Fadhiya wa chini, kwenye nguo alizoanika. Alinisema mpaka nikaona haya. Nikachonga vizibo vya mbao, nikatia gundi."

"Umeziba kifundi kweli," alisema Naomi, akacheka. "Hata tone halipiti. Basi, mama, mkono wako hauna kosa. Chumvi yaingia kila siku, na haina pa kutokea. Mizizi inaungua."

Mama Dama alimtazama mwanawe. "Kumbe ni wewe."

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

Mama hakumgombeza. Alimgeukia Naomi, ambaye umri wake ni wa mjukuu. "Nifundishe, mwanangu. Shamba nalijua. Ndoo siijui."

Kahindi alimwonea mamake fahari. Si kila bingwa huweza kusema hivyo.

Kahindi aling'oa vizibo. Aliweka kila ndoo juu ya matofali, na chini yake beseni la kukinga maji. Naomi akamwagia maji ya bomba, polepole, mpaka yakatoka chini. Yale yaliyotoka yakamwagwa. Akarudia mara tatu, ili chumvi ioshwe.

"Maji ya bomba yakija, wekeni akiba," alisema. "Maji mliyooshea mchele pia yafaa, maadamu hayana chumvi. Kabla ya kumwagia, tia kidole, mama. Udongo ukiwa mkavu, mwagia. Ukiwa mbichi, acha. Halafu tandaza maranda juu, ya mbao zisizotiwa dawa wala rangi, jua lisikaushe udongo."

"Na maua?"

"Huku juu nyuki ni wachache. Kila asubuhi yatikise taratibu, yatashika na kuzaa."

Mwisho wa mwezi ulifika. Majani mapya yalikuwa yamechipuka. Mama Dama hakutaja safari, na Kahindi aliogopa kuuliza. Mwezi mwingine ukapita. Mama alitikisa maua yake kila asubuhi, moja moja, kwa subira ya ajabu. Kisha mabiringani yakaning'inia, meusi, yakimetameta, mazito mpaka ikabidi Kahindi ayachomekee fito.

Mama Dama alivuna kwa kisu, akiacha kikonyo. Mawili ya kwanza alimpelekea Bi Fadhiya kwenye sahani. Jioni sahani ikarudi na biringani la kukaanga, pamoja na swali: nami nikitaka kupanda, nianzeje?

"Kesho nitashuka nikamwonyeshe," alisema Mama Dama akila. "Na wewe ukienda Rabai, lile jembe langu mpe mjomba wako. Huku sina kazi nalo."

"Haya, mama," alisema Kahindi. Akainuka kwa furaha kwenda kuweka akiba ya maji ya kesho.