Rafiki Yangu Aliniambia Deki ya Mkwe Wangu Imekonda

Nina miaka arobaini na mitatu, ni fundi cherehani, nashonea nyumbani kwangu Sombetini. Kosa langu ni hili: nilipima muziki kwa uzito, kama mtu anayenyanyua mbuzi mnadani! Chekeni tu. Mimi nimeshacheka, nikalia, nikacheka tena...

Mimi si mtu wa kutoka. Wenzangu wana vijiwe, mimi nina cherehani, chai ya rangi na muziki. Muziki wenyewe ulitoka kwenye deki ya zamani ya CD, ambayo mke wangu, Mama Neema, aliachiwa na marehemu baba yake kule Kikwe. Kaka zake waligawana shamba na ng'ombe, yeye akapata deki. Aliifuta vumbi kwa kitenge chake mwenyewe, na ole wake atakayeweka kikombe juu yake!

Sasa, Elibariki. Nilikaa naye dawati moja hadi kidato cha nne. Ndiye aliyenisimamia siku ya ndoa. Ana kibanda cha vifaa vya muziki mjini. Siku moja alikuja kunisalimia, akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa kama daktari wa mifugo.

"Kaka, sauti imekonda hii. Mbavu zinaonekana!"

Nilicheka, lakini neno likaniingia. Kesho yake akaja na sanduku jeusi la chuma, la kucheza nyimbo za kwenye flashi. Akanieleza kwamba nyimbo za siku hizi ni namba tupu, na kila mashine inazisoma kwa akili yake. Hii, alisema, imesoma mpaka chuo kikuu! Akanipa niibebe. Jamani, zito! Nikajiambia, kitu kizito hivi kitadanganyaje? Wala hakutaka hela. Alitaka tubadilishane tu: mimi sanduku, yeye deki, eti akaitoe vipuri.

Mke wangu alikuwa sokoni... Nikampa! Aliporudi nikamwambia deki imeharibika, iko kwa fundi. Ndiyo, nilidanganya, tena bila kupepesa.

Wiki hiyo nilisikia maajabu. Nilisikia wanakwaya wakivuta pumzi. Mmoja nilimsikia akimeza mate!

"Unasikia mate ya mwanakwaya," mke wangu akasema, "lakini mimi nimekuambia mara tatu gesi imeisha, hujasikia."

Jumamosi akachoka na mahubiri yangu. Akaweka sanduku na simu yake nyuma ya pazia, wimbo uleule, spika zilezile. Binti yetu Neema akasawazisha sauti zilingane, kisha akawa anahamisha waya. Kazi yangu ilikuwa kutaja tu kinachocheza. Nikafumba macho kama mchungaji.

"Hilo sanduku! Sikia lilivyonona!"

Ilikuwa simu. Mara ya pili, simu. Mara ya tatu nikasema hii sasa ni simu, imekonda... lilikuwa sanduku!

Neema akachukua bisibisi, akasema tumtazame huyo msomi wa chuo kikuu. Ndani mlikuwa na kibao kidogo kama cha redio za bodaboda, na kipande cha zege kilichogandishwa kwa gundi. Zege!

Tulicheka mpaka machozi. Kisha mke wangu akafuta machozi, akanigeukia.

"Baba Neema, deki ya baba iko kwa fundi gani?"

Fundi gani? Nikamwambia ukweli wote.

Nikakimbilia Olasiti, nyumbani kwa Elibariki. Nilikuta sebule imejaa wageni, muziki unapiga, naye anawaambia mashine za zamani ndizo zenye sauti! Sikuitambua deki kwa kuisikia, jamani, na masikio yangu haya niliyojisifia. Niliitambua kwa plasta ya kidonda ambayo mkwe wangu aliibandika kwenye kifuniko kilichopasuka. Nikaidai. Hakushtuka hata kidogo.

"Kaka, tulibadilishana. Kuna mtu alikushikia panga?"

Wageni wakacheka. Mtu aliyenishikia pete! Mtu aliyekula ugali wangu! Hivi urafiki wa dawati moja unakufa namna hii?

Niliporudi mikono mitupu, mke wangu alikuwa ameshafunga begi la kwenda kwao. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema deki ni kitu, kinaweza kuibwa. Lakini mimi nilimtazama machoni, nikamdanganya.

Ndugu wasomaji, mashine mbovu itakwaruza, itanguruma, hata mtoto atasikia. Lakini zikiwa nzima zote mbili, kabla hujasema hii imenona na ile imekonda, mwambie mtu akufichie nyuma ya pazia! Na nawasihi sana, msimfiche mwenzenu jambo kwa sababu ya maneno matamu ya rafiki. Mimi nilifanya hivyo, na leo nyumba yangu ina spika mbili na kimya kitupu...

Jana Mama Naserian, jirani anayetuletea maziwa, alinikuta barazani. Nikammwagia yote, nikitegemea pole. Akatua galoni lake chini.

"Umemaliza? Elibariki ni mwizi, sawa. Lakini aliyemdanganya Mama Neema ni wewe, siyo sanduku. Funga mlango uende Kikwe, na ukifika usianze na habari za Elibariki."