Pete ya Rangi ya Chai

Kuni zilikuwa mlangoni tena. Kemuma aliziona alipotoka kumwaga maji: mzigo mmoja uliofungwa kwa ganda la mti, umelazwa kando ya kizingiti taratibu, kama mtu anavyomlaza mtoto aliyesinzia.

"Kepher, ni wewe umeleta kuni?"

"Mimi?" Mumewe alicheka akiwa bado kitandani. "Jana nimetoka kwenye mashine sina nguvu hata ya kubeba kofia."

Walikuwa hawajamaliza mwezi tangu wafunge ndoa, mwaka ule wa 1934, kwenye shamba moja la chai upande wa Kimulot. Watu wa kambi walikuwa wamewatendea wema mwingi. Jerusa wa nyumba ya mwisho aliwapa sufuria, na mzee mmoja wa kiwandani aliwatengenezea kigoda bila kuombwa. Kemuma akadhani kuni nazo ni wema wa mtu asiyetaka kushukuriwa. Akaziingiza ndani, akawasha moto. Moshi wake ulinuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa asubuhi hiyo.

Wanawake wa kuchuma majani walipoiona pete yake hawakuisahau. Kepher, fundi wa mashine kiwandani, alikuwa amemwahidi pete isiyofanana na ya mtu yeyote. Alikwenda Kericho mjini kwa Jivan, sonara Mhindi mwenye duka dogo, akamwonyesha mchoro alioufanya kwa makaa juu ya ubao wa sanduku la chai. Ulikuwa wa majani mawili na chipukizi katikati, vile wachumaji wanavyofundishwa kukata. Majani yawe dhahabu, chipukizi liwe almasi.

"Almasi!" Jivan alishika kiuno. "Fundi, hii ni ya bibi wa bwana mkubwa au ya bibi yako?"

"Ya bibi yangu."

Jivan alimtazama, akaacha mzaha. Kutoka kwenye kikopo cha tumbaku alitoa kijiwe kidogo kama punje ya mtama, cha kahawia, rangi ya chai isiyotiwa maziwa. "Hii ni almasi ya kweli. Lakini wenye pesa wanataka nyeupe kama maji. Hii imekaa hapa mpaka nimeizoea. Nitengenezee taa yangu na cherehani ya mke wangu, uichukue."

Dhahabu waliyoipata ilitosha yale majani mawili tu. Duara la kuingia kidoleni lilikosa madini. Kepher alipomweleza hivyo jirani yake Bitutu, mama wa makamo aliyeishi peke yake nyumba ya pili, Bitutu aliingia ndani akatoka na kipande cha chuma cha mviringo, chembamba, kimekatwa upande mmoja, kinang'aa kwa kusuguana na ngozi ya mtu.

"Chukua hiki, mwanangu. Kwangu kinakaa bure."

Kepher alikuwa mtu wa ziwani. Aliona chuma, akashukuru. Kemuma, ambaye kwao ni Kisii, hakukiona kabla Jivan hajakifua kuwa pete.

Kuni zilipoendelea kuja, wachumaji walianza utani. "Kemuma ana waume wawili," Jerusa alisema huku akitupa majani kikapuni. "Mmoja wa kuni, mmoja wa kitanda."

"Basi unikopeshe wa kuni!" mwingine akadakia, nao wakacheka mpaka nyapara akawakemea.

Kemuma alicheka pamoja nao. Siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka hadi juu ya michai, na wenzake walionekana vichwa tu. Ndipo sauti ya mwanamume ikasema nyuma ya sikio lake, kwa upole, "Bitutu. Twende nyumbani."

Aligeuka. Hakukuwa na mtu. Palikuwa na harufu ya udongo tu.

Jioni alikwenda kwa jirani. "Mama Bitutu, kuna mtu anakutafuta kule shambani. Anakuita kwa upole sana."

Bitutu alikuwa akichambua mboga. Mikono yake ilisimama. "Alisemaje?"

"Twende nyumbani."

Bitutu alirudia kuchambua, lakini sasa alikuwa akitupa majani na kubakiza vijiti.

Baada ya hapo Kemuma alianza kuamka na alama. Kwanza mkono wa juu, doa jeusi, akadhani ni kamba ya kikapu. Kisha shingo. Kisha vidole vitano vilivyojichora waziwazi begani, vipana kuliko vya Kepher. Hakukumbuka kupigwa. Alikumbuka tu kwamba kila asubuhi yenye alama, kuni nazo zilikuwepo. Alijaribu kuvua pete, ikakataa, kama imeota kidoleni.

Kambi nzima ililaumu jiwe. "Ulishaona wapi almasi ya kahawia?" walinong'ona bombani. "Hilo ni jicho la jini. Mhindi amewauzia jini." Kepher, kwa hofu, alimpeleka mkewe mjini. Jivan aling'oa jiwe huku akimwomba radhi Kemuma kila alipomgusa kidole, kisha akalishika kwenye mwanga.

"Jiwe halina kosa, mama. Ni rangi tu watu hawaipendi. Nitakutunzia."

Kesho yake kuni zilikuwa mizigo miwili, na jicho la Kemuma lilikuwa limevimba.

Bitutu alipomwona hivyo bombani, ndoo ilimponyoka. Alimshika mkono, akamwingiza nyumbani kwake, akafunga mlango.

"Mwanangu, nisikilize. Kwetu Kisii zamani mwanamke akivishwa vikuku vya chuma miguuni, ebitinge, huyo ni mke wa mtu mpaka kaburini. Mimi nilivishwa na Mogaka. Nilipotoroka kuja huku nilivikata mwenyewe, nikavitupa mtoni. Kimoja nilikibakiza, sijui kwa nini. Nilipobatizwa nikajiambia chuma ni chuma tu. Ndicho nilichompa mume wako."

"Kwa hiyo huyu anayeniletea kuni…"

"Ni Mogaka."

"Lakini ni mpole, mama. Anaongea kwa upole."

"Alikuwa akileta kuni asubuhi baada ya kunipiga," Bitutu alisema. "Na alikuwa mpole sana asubuhi hizo." Akateremsha sauti. "Mogaka alizikwa mwaka jana. Akikuambia mwende nyumbani, unajua ni nyumba gani."

Bitutu alimtuma Jerusa kiwandani amwite Kepher aje na tupa ya kukatia chuma. Lakini kabla Kepher hajafika, mvua ya mawe ya alasiri ilishuka, mbingu ikawa nyeusi na mabati yakanguruma, na Bitutu alipogeuka kuziba dirisha kwa gunia mlango ukafunguka, Kemuma akatoka, naye hakujua kwamba ametoka, alijiona tu akitembea kwenye njia ya kuelekea Chepilat na Kisii kwao, miguu mitupu juu ya barafu iliyotapakaa kama chumvi, mawe yakimpiga kichwani asiyasikie, vifundo vyake vikilia kwa mlio wa chuma kugongana na chuma ingawa hakuwa amevaa kitu, na kando yake mtu aliyekuwa akitembea bila kuacha nyayo akimwambia taratibu kwamba nyumba imefagiwa, kwamba kitanda kimetandikwa, kwamba safari hii hatampiga tena.

Bitutu alimkimbilia, akamkumbatia kiunoni, wakaanguka wote wawili. Kepher akawakuta hapo. Walimbeba hadi nyumbani kwake, Kepher akaushika mkono wa mkewe juu ya kile kigoda, akaanza kukata. Tupa ililia. Pete ikawa ya moto, kisha ya baridi kama mawe ya nje.

"Bitutu," sauti ikasema. Sasa ilikuwa ndani, pembeni mwa kitanda. "Mke wangu. Twende."

Kemuma akainuka kuitikia. Kepher alimkandamiza huku akilia, "Kemuma, mimi hapa, ni mimi."

Bitutu akasimama kati yao na kona ile ilikotoka sauti.

"Mogaka, unamwita nani? Huyo si mimi. Mimi ndiye huyu. Nilitoka kwako alfajiri kama mwizi kwa sababu niliogopa kukuambia. Leo nakuambia usoni. Nimekukataa. Nilikukataa ukiwa hai, nakukataa ukiwa umekufa. Vikuku vyako sinavyo, na huyu binti si wako."

Chuma kikakatika. Pete ilidondoka vipande viwili, na Kemuma akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. Kepher alimfunika kwa blanketi, akamsugua miguu, na Bitutu akaketi chini palepale.

Nje mvua ilikoma ghafla. Katika ukimya ule sauti ikauliza, si kwa hasira, kama mtu aliyepotea njia, "Basi mke wangu ni nani?"

Mlango ulifunguka wenyewe, ukajifunga. Wakasikia nyayo juu ya barafu, nzito, bila haraka. Zilifika nyumba iliyofuata, zikasimama mlangoni, kama mtu anayetega sikio. Ndani mwanamke aliyekuwa akimwimbia mwanawe akanyamaza. Nyayo zikaendelea. Nyumba nyingine, zikasimama. Nyingine, zikasimama. Mstari mzima wa kambi wanawake walikaa kimya, mikono midomoni mwa watoto wao, mpaka nyayo zikafika nyumba ya mwisho, ya Jerusa, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka kiwandani, amelowa, anatafuta kuni kavu za kuwashia moto.

Zikasimama hapo. Kemuma, Kepher na Bitutu walisubiri zianze tena kutembea. Walisubiri hadi giza likaingia.