Gari la Bushiri Halikuwa na Injini

Mwantumu alitoka dukani na chupa ya mafuta ya taa mkononi. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mlima, na baridi ya Mbeya ilikuwa imeanza kuuma vidole. Hasira aliyotoka nayo nyumbani ndiyo aliyokuwa akirudi nayo.

Tangu njia panda aliisikia nyundo ya mumewe.

Ngo! Ngo! Ngo!

Bati lililokuwa likipigwa lilikuwa bati lake, la paa la jiko. Bushiri alilibandua asubuhi moja bila hata kuuliza, akalilaza juu ya mfuko wa mchanga, akaanza kulipinda. Kabla ya bati lilikwenda pipa la maji. Kabla ya pipa kilikwenda kitanda cha chuma, kikakatwa vipande. Sasa mvua ikinyesha Mwantumu alipika amejifunika gunia, na waliolala chini ni yeye na mtoto.

Yote hayo kwa ajili ya gari.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na tano. Bushiri alikuwa fundi wa kunyoosha bodi katika gereji moja mjini, na siku moja Mzungu mmoja aliingia pale na gari jekundu la mashindano, fupi, limelala chini kama paka anayenyemelea. Bushiri aliambiwa alioshe. Alipomaliza aliingiza mkono ndani, akaushika usukani, akitaka tu kujua ukoje. Mzungu alimpiga kofi mbele ya watu. Jioni ile alirudi nyumbani hakula. Alisema neno moja tu: "Nitalitengeneza la kwangu."

Mwantumu alimwelewa. Hasira ya kofi lile aliibeba pamoja naye. Hata alipoona mumewe ameleta uani chasisi ya gari lililoanguka bondeni huko Chimala, njia ya Iringa, alimpikia chai na kumshikia taa. Bushiri aliikwangua kutu, akakunja nondo kuwa mbavu, akaanza kuzivisha bati. Kiti alikiacha kilekile cha gari la zamani, akakipunguza upana tu. Injini ilikuwa bado gereji, imefunguliwa, inasubiri vipuri.

Majirani walikuwa wakisimama uani na kucheka. "Bushiri," Tupokigwe wa nyumba ya pili alimwuliza siku moja, "hili gari lako litakwenda na nini? Na dua?"

"Litakwenda, jirani. Na wewe utakula vumbi lake."

Hayo yalikuwa ya kucheka. Lakini jioni hii Mwantumu aliingia uani hana kicheko.

"Mtoto yuko wapi?"

"Yumo garini," Bushiri alisema bila kuinua kichwa. "Amelala. Humo ndimo anamotulia. Usimwamshe."

"Mara ngapi nimekuambia usimlaze humo?"

"Mama Halfani, niache nifanye kazi."

Mwantumu aliweka chupa chini, akalisogelea gari. Taa za mbele zilikuwa bado hazijawekwa. Palikuwa na matundu mawili meusi. Akainama kuangalia ndani...

Halfani hakuwa amelala. Macho yake yalikuwa wazi, yakitazama juu, na midomo yake ilikuwa ikinyonya.

Alikuwa akinyonya hewa.

Kiti kilikuwa kimebonyea pembeni yake, kama palipokaliwa na mtu. Harufu ya petroli ilikuwapo, na chini yake harufu nyingine, ya maziwa yaliyochacha. Kisha akasikia sauti. Ndogo sana, ya puani, ya mwanamke anayembembeleza mtoto kwa lugha ambayo Mwantumu hakuijua.

Alimnyakua mwanawe. Mwili wa mtoto ulikuwa baridi kama mtungi. Kwenye kidevu kulikuwa na tone jeupe.

"Nani alikuwa humu?" alipiga kelele. Mwantumu, ambaye hata salamu aliitikia kwa kunong'ona.

Bushiri alikuja, akatazama kiti, akatazama pembeni. "Hakuna mtu. Umechoka."

Lakini hakumtazama usoni. Na hapo Mwantumu akajua kwamba yeye pia aliisikia ile sauti, na kwamba amekuwa akiisikia siku nyingi.

Siku zilizofuata Halfani alilikataa kabisa titi la mama yake. Alipopewa aligeuza uso. Tumbo lake lilikuwa limejaa, gumu, lakini mikono ilikonda ikawa kama vijiti vya kuwashia moto. Mwantumu alimfungia ndani. Usiku mtoto alilia kuelekea uani mpaka sauti ikakauka, na asubuhi kidevu kilikuwa cheupe tena.

Ndipo alipokuja mama mmoja mzee.

Alikuja kwa miguu, amejifunga kaniki nyeusi, na rozari shingoni. "Kamwene, wanangu," alisalimia mlangoni. Jina lake lilikuwa Lusia, ametoka Tosamaganga, kule Iringa. Binti yake Severina alikuwa akija Mbeya kwa mumewe, na mtoto mchanga mgongoni, gari lilipoanguka pale Chimala.

"Kwetu," alisema, "aliyekufa njiani huitwa pale damu yake ilipomwagika, ndipo huongozana na mama yake kurudi nyumbani. Nilikwenda bondeni nikaita. Hakuna kilichoitika. Chuma kilikuwa kimeshaondolewa, nikaulizia mpaka nikafika hapa." Akalitazama gari. "Damu yake iko hapa."

"Ondoka, bibi," Bushiri alisema.

"Baba, ni neno moja tu na unga kidogo..."

"Nimesema ondoka! Ukimwita maiti kwenye gari langu, mji mzima utasema ni gari la maiti. Nimelifanyia kazi mwaka mzima ili watu walione. Nenda kanisani ukaite huko!"

Alimshika mkono yule mzee, akamtoa nje ya ua kama anayetoa mbuzi. Rozari ilikatika. Shanga zilitawanyika kwenye tope, na Bushiri akarudi kwenye nyundo yake.

Mwantumu alisimama palepale. Hakulia wala hakugombana. Aliokota shanga moja moja, akazifunga kwenye pindo la kanga, akaenda kwa Tupokigwe.

"Yule mama wa Iringa amefikia wapi?"

"Yuko Ilomba, kwa watu wa kwao. Jirani, una nini? Macho yako yanatisha."

"Nionyeshe njia."

Lusia alimpokea mtoto, akambinya mkono, akamnusa mdomo.

"Maziwa ya marehemu hujaza tumbo," alisema. "Hayaleti damu. Akiendelea kuyanywa, atamfuata."

"Kwa nini wangu? Yeye si alikuwa na wake?"

"Wake hakuonekana, mwanangu. Tulitafuta majanini mpaka giza likaingia. Hata nguo hatukupata." Mzee alimfuta Halfani kidevu. "Labda anadhani huyu ndiye."

Walikubaliana kumwita Severina jioni ya siku iliyofuata, saa Bushiri anapokwenda msikitini kusali magharibi. Lusia alikuja na tawi bichi na kibuyu cha unga wa ulezi. Mwantumu alikuwa amembeba Halfani mgongoni, amemfunga kwa kanga mbili, amekaza mafundo mpaka kifua kikamuuma.

Lakini walipofika kwenye gari, mgongo wake ulikuwa mwepesi.

Akageuza shingo. Kanga zilikuwa zimefungwa vilevile. Ndani yake hakuna kitu.

Halfani alikuwa kwenye kiti cha gari. Ananyonya.

Mwantumu aliingiza mikono, akamshika mtoto kwapani, akavuta. Hakuja. Akavuta tena. Kitu kilikuwa kimemkumbatia kutoka upande wa pili, kwa upole, kwa nguvu zote. Pumzi baridi ilimpiga usoni...

"Mzungumzie," Lusia alinong'ona. "Mimi hawezi kunisikia mpaka nimwite."

Hofu ilikuwapo. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko hofu.

"Severina," Mwantumu alisema, meno yameumana. "Niachie. Nimemzaa kwa uchungu kama wewe ulivyomzaa wako. Mume wangu amekukosea, hakukuacha ukaitwa. Mtoto huyu hakukukosea kitu. Niachie mwanangu!"

Ndipo mikono isiyoonekana ikalegea. Polepole... kidole kimoja baada ya kingine. Mtoto alimwangukia kifuani, akalia. Kilio cha njaa, kikubwa, cha kawaida.

"Sasa sikiliza," Lusia alisema. "Nitaita, nitatangulia, sitageuka nyuma. Wewe hapo ulipo utasikia sauti. Usiiitikie, hata ikikuita kwa jina lako, mpaka mimi niwe nimepotea machoni. Ukiitika, umemwambia kwamba hapa ndipo nyumbani. Haya, toa mawe hayo kwenye magurudumu."

"Gari halina injini, mama."

"Toa."

Mwantumu alitoa jiwe la kwanza. Akatoa la pili, akabaki nalo mkononi. Lusia alinyunyiza unga kwenye chuma, akaweka tawi begani, akatembea kuelekea barabarani. Njia ile ni ya kupanda.

"Severina! Severina, mwanangu! Twende nyumbani."

Chuma kililia. Kriii...

Gurudumu likazunguka.

Gari lile lisilo na injini, lisilo na rangi, lenye matundu badala ya macho, lilianza kupanda mlima taratibu nyuma ya kikongwe, kama ng'ombe anayerudi zizini.

"Gari langu!"

Bushiri alikuwa ametokea njiani, kofia mkononi. Alikimbia, akaruka ndani, akashika usukani, akakanyaga breki. Gari halikusimama. Akakanyaga tena. Kisha akatazama pembeni yake kitini, ambako hapakuonekana mtu, na uso wake ukabadilika.

Hakuweza kutoka. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani, na haikubanduka.

"Jiwe!" alipiga kelele. "Mama Halfani, weka jiwe!"

Jiwe lilikuwa mkononi mwake. Gurudumu la nyuma lilikuwa hatua chache tu mbele yake. Angeweza.

Alikumbuka bati la jiko. Alikumbuka shanga kwenye tope. Alikumbuka vile mumewe alivyotazama pembeni, siku alipomwuliza nani alikuwa garini.

"Mwantumu! Niitikie! Mwantumu, mke wangu!"

Mwantumu alimweka mwanawe titini, akanyamaza. Sauti ilizidi kuwa mbali. Iliita, iliomba, ilitukana, ikaomba tena. Kaniki nyeusi ilipotea kwenye kona, gari likafuata, na palibaki vumbi tu. Hata baada ya Lusia kupotea machoni, hata ilipokuwa ruhusa kuitika, hakuitika. Alikuwa ametii maneno ya mzee, au alikuwa ameshikwa na hasira? Alijiuliza hivyo mara nyingi baadaye. Hakupata jibu, na kusema kweli hakulitafuta sana.

Baada ya siku kadhaa Bushiri alirudishwa na lori la mbao. Dereva alisema alimkuta amekaa kando ya barabara, kwenye njia ya kuingilia Tosamaganga, peke yake, hakuna gari lolote karibu. Mikono ilikuwa imenyooshwa mbele, vidole vimekunjwa, kama bado ameshika usukani. Ilichukua muda kuvikunjua. Alipoulizwa alikotoka, alisema, "Nimempeleka. Amefika." Hakuongeza neno, wakati ule wala baadaye.

Halfani alinenepa. Bushiri alirudi kazini, akanunua kitanda na bati jipya, akaezeka jiko mwenyewe. Watu walisema ndoa ile imepona. Mwantumu naye alidhani hivyo, mpaka jioni moja, giza likianza kuingia, aliposikia mlango ukigongwa.

"Mama Halfani," sauti ya mumewe ilisema kutoka nje. "Nimekuja. Niitikie."

Alifungua mdomo kuitika.

Bushiri alikuwa amekaa kitandani, mbele yake, na mtoto mapajani. Uso ulikuwa umemkauka. Aliweka kidole midomoni.

"Mwantumu," sauti iliendelea, taratibu, sauti ileile iliyomwita kutoka garini, yenye hasira ya mtu aliyeachwa mbali sana. "Niitikie, mke wangu. Najua umo ndani."

Huja mara kwa mara, saa hiyohiyo. Wao hukaa, hutazamana, na hakuna anayeitika.